Hodi Kitandani!

Sogeeni, sogeeni! Tubanane vizuri. Haya, masikio wazi!

Huyu hapa ni Sekela. Ana miaka sita. Amelazwa wodi ya watoto. Mguu wake umefungwa plasta ngumu, nyeupe, ukaning'inizwa juu kwa kamba.

Asubuhi anakuja nesi. Hapigi hodi. "Fungua mdomo!" Dawa chungu, gulu!

Kisha anakuja daktari. Naye hapigi hodi. "Tuuone mguu!" Bonye, bonye. Aii!

Halafu vinakuja viatu. Kwichi, kwichi, kwichi.

Ni Mchungaji Ambokile. Kazi yake ni kukaa na wagonjwa na kuwasikiliza. Viatu vyake vinalia kushinda watoto wote wa wodi!

Kitanda hakina mlango. Lakini yeye anasimama kando, anagonga hewani. Ko, ko, ko!

"Hodi kitandani!"

Sekela anajifunika shuka gubigubi. "Hakuna mtu!"

"Haya. Nitarudi."

Kwichi, kwichi, kwichi.

Kesho yake, ko, ko, ko! "Hodi kitandani!"

"Wenyewe wamesafiri!"

"Haya. Wakirudi, wasalimie."

Kwichi, kwichi, kwichi.

Sekela anachungulia. Ala! Ameondoka kweli! Hospitali nzima, huyu ndiye peke yake anayekubali kufukuzwa.

Siku ya tatu, Sekela anavisikia viatu vikiwa bado mlangoni. "Karibu!" anaita. "Shikamoo, Baba Mchungaji!"

"Marahaba, mwenye kitanda."

Mchungaji anaketi. Sekela anamkagua mikono. Hana sindano. Basi anamnong'oneza:

"Mungu amenikasirikia?"

"Ehe? Kwa nini, mwanangu?"

"Nilimwahidi Mungu kuku. Wa sadaka ya mavuno. Nikamkimbiza, puru-puru-puru! Akapanda juu ya kuni. Na mimi nikapanda. Yeye akaruka, mimi nikaanguka." Chozi linadondoka, to! "Sikupeleka kuku. Ndiyo maana mguu hauponi."

"Pole, mwanangu. Pole sana." Mchungaji anampa leso. "Nimekaa na wagonjwa miaka mingi. Sijaona hata siku moja Mungu akimvunja mtoto mguu kwa sababu ya kuku."

"Kweli?"

"Kweli tupu. Mguu unapona polepole, ndivyo ulivyo. Unataka kumwambia Mungu neno?"

Sekela anafumba macho. "Mungu, kuku bado. Samahani. Yule kuku ana mbio, hata wewe unajua. Amina."

"Amina!" anasema Mchungaji, huku akijizuia kucheka.

Jumapili mchana, Bibi yake Sekela anaingia. Kilemba kimekaa upande. Kichwani ana unyoya!

"Shikamoo, Bibi! Umefanya nini?"

"Marahaba. Weee, mjukuu wangu, acha tu! Kuku wako nimempeleka kanisani. Akaniponyoka, puru-puru-puru! Kwaya ikamkimbiza. Wazee wa kanisa wakamkimbiza. Wapi!"

"Wakamkamata?"

"Thubutu! Yuko juu ya boriti mpaka sasa. Amegoma kushuka."

"Basi amefika!" Sekela anapiga makofi. "Kuku amefika kanisani! Na wazee wote wameshindwa, sembuse mimi!"

Anacheka mpaka kitanda kinalia, kwichi, kwichi, kwichi.

Jioni, taa zinapunguzwa. Kwenye kitanda cha jirani kuna mgeni, Ipyana, mdogo kabisa. Analia chini ya shuka. Hii, hii, hii.

Sekela hawezi kwenda. Anagonga chuma cha kitanda chake. Ko, ko, ko!

"Hodi kitandani!"

"Hakuna mtu!"

"Haya. Nitarudi."

Kilio kinakoma. Shuka linasogea. Jicho moja linachungulia.

"Mbona hujaondoka?"

"Nitaondokaje? Mguu wangu umefungwa!"

Ipyana anacheka, hi hi hi! Anafuta kamasi. "Basi karibu."

Sekela anamsimulia habari za kuku. Puru-puru-puru, mpaka kwenye boriti! Ipyana anapiga miayo. Sekela naye anapiga miayo.

Ko, ko, ko. Nani tena huyo?

Ni usingizi. Nao umepiga hodi.

"Karibu," wanasema wote wawili.