Kipozeo Kilichotoweka Kati ya Adhana na Salamu

Siku hiyo mtaa wa Waberi uliamka na maiti asiyekuwepo.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu wanatoka msikitini. Mtu wa kwanza kufika mbele ya gereji ya Mwiti aliona dimbwi jekundu chini ya gari la Hajj Yarow, akapiga ukelele uliowastua ngamia waliolala Dadaab. Damu! Habari ilipofika kwa msimulizi wa tano, marehemu alikuwa ameshapewa jina, ukoo na wajane wawili.

Nimo, muuza chai ambaye kibanda chake kinatazamana na gereji hiyo, aliacha jiko likifuka. Alivuka barabara, akawapangua wanaume kwa kiwiko, akachutama, akachovya kidole, akanusa.

"Hizo inna lillahi zenu ziwekeni akiba," akasema. "Haya ni mafuta ya giaboksi."

Umati mzima ulishusha pumzi. Wengine walicheka, wengine, ukweli usemwe, walisikitika kidogo kuona matanga yameyeyuka. Mwiti peke yake hakushusha kitu. Fundi huyo alikuwa ametoka katika chumba chake cha nyuma ya gereji, shati halijafungwa vifungo, na alipoinama kutazama mbele ya gari alijishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama Nimo," akasema, "kipozeo hakipo."

Kila mtu Waberi alikijua kipozeo hicho. Gari lenyewe lilikuwa Prado ya mwaka tisini na saba, otomatiki, ambayo Hajj Yarow aliipenda kuliko wakwe zake kadhaa. Kila ilipovuka mchanga wa njia ya Masalani na mzigo mgongoni, mafuta ya giaboksi yalichemka, taa ya onyo ikawaka, na Hajj akalazimika kukaa kando ya njia saa mbili nzima akiisomea dua ipoe. Mwiti alikuwa ametumia siku mbili kuifungia kipozeo cha ziada: kitu mfano wa rejeta ndogo, mabomba membamba ya aluminiamu, kimekaa mbele ya rejeta kubwa pale upepo unapopiga. Mpira mmoja unaleta humo mafuta ya moto, mwingine unayarudisha yakiwa yamepoa.

Jana yake alasiri, kazi ilipokwisha, alikuwa amejipiga kifua kibandani kwa Nimo. "Moto unaingia huku, baridi inatoka kule! Hakina injini, hakina umeme. Upepo tu!" Wasikilizaji walikuwa Hajj mwenyewe, Hanad, muuza spea kuukuu, Abdihafid, anayemletea Nimo maziwa ya ngamia, na nzi wasiohesabika.

Sasa Hajj Yarow alifika, kanzu nyeupe, tasbihi mkononi. Alitazama pengo mbele ya gari lake kama anayetazama kinywa cha mtoto aliyeng'olewa meno.

"Warya, wewe Mwiti. Gari ililala kwako?"

"Ililala kwangu, Hajj."

"Mlinzi wa mtaa anasema alipita hapa adhana ikilia, gari ikiwa mzima. Akaenda kuswali. Tumetoa salamu, tumerudi, kibozeo hakuna. Mtaa yote ilikuwa msikitini. Nani alibaki?"

Mwiti alianza kufunga vifungo vya shati lake. Yeye ni mtu wa kanisa, kila mtu alijua alibaki nani.

"Miaka kumi na tano nimekuacha kwa kiwanja yangu," Hajj akaendelea, kwa ile lafudhi yake ya Kisomali inayogeuza p nyingi kuwa b. "Adhuhuri ikifika bila kibozeo, funga sbana zako, rudi Meru. Na bolisi watakusindikiza."

Nimo aliona shingo ya fundi ikiingia mabegani. Miaka kumi na tano ni mingi. Mwiti alikuja Garissa akiwa na sanduku moja la spana. Sasa hata magari ya serikali yalimpigia magoti. Mtu akifukuzwa kwa wizi Garissa, hata Mandera watakuwa wameshaambiwa kabla hajafika.

Koplo Kathure wa kituo cha polisi alifika saa kumi na mbili na dakika ishirini, daftari mkononi, kalamu sikioni.

"Afande," Hajj akamwahi, "wewe pia ni wa huko huko kwao mlimani."

"Ndiyo maana nitamkamata haraka kuliko mtu mwingine, mzee, nisije nikasemwa," Kathure akamjibu bila kuinua kichwa. "Mwiti. Adhana ya alfajiri ilikukuta wapi?"

"Kitandani, afande."

"Ulisikia nini?"

"Adhana. Nikageukia upande wa pili. Nilikuwa nimechoka."

"Aliyekuona umelala ni nani?"

"Afande, nani huniangalia nikilala?"

Watu wakacheka. Kathure hakucheka. Alipiga tochi chini ya gari, akamwita Nimo kwa sababu Nimo alikuwa ameshaingiza kichwa bila kuitwa.

Mafuta yaliyomwagika hayakuzidi vikombe viwili. Na sababu ilionekana: mwizi hakuiacha ile mipira miwili ikining'inia. Aliiunganisha kwa kipande kifupi cha bomba, akakaza kila upande kwa waya uliosokotwa kwa koleo, kisha akazikunja ncha za waya kuelekea ndani, zisimchome mtu.

"Gari hili likiwashwa sasa litatembea?" Kathure akauliza.

"Litatembea," Mwiti akakiri. "Mafuta yatazunguka kupitia rejeta kubwa kama zamani. Halitaharibika leo."

"Kwa hiyo huyu ni fundi." Kathure aliandika. Kila herufi Mwiti aliiona kama msumari.

"Afande," Nimo akasema, "Mwiti hafungi mpira kwa waya. Anafunga kwa klipu. Angekuwa mtu wa waya ningeshamnyima chai."

"Anayejificha hubadilisha mwandiko, mama."

"Haya. Lakini mwizi gani anamfunga bandeji aliyemwibia? Huyu hana ugomvi na Hajj wala na gari. Alitaka kipozeo tu."

Koplo aligeuza ukurasa. "Anayetaka kipozeo tu ni muuza spea," akasema, akaifunga kalamu.

Saa mbili kamili asubuhi walikuwa kwa Hanad. Kijana wa miaka thelathini na kitu, alikuwa ndiyo kwanza anaamka, shavu lingali limevimba miraa ya jana. Juu ya turubai lake, katikati ya taa za magari na mikanda ya feni, kulikuwa na kitu cha aluminiamu chenye mabomba membamba. Hajj alikirukia kama kipanga.

"Hii hapa! Mwizi! Wallahi nilijua!"

"Hajj, tulia, buda!" Hanad akapiga mayowe. "Hiyo iko hapa tangu Ramadhani! Mi sijaiba kitu, hata msikiti sijaenda, nilikuwa nimezima kabisa!"

"Kwa hiyo hukuwa msikitini," Kathure akasema, akiandika.

Hanad alijua amejifunga kamba mwenyewe. Koplo alimpa Mwiti kile kitu. Hapo Nimo alisogea karibu, kwa maana neno moja tu la fundi lingemtoa yeye mwenyewe hatiani na kumwingiza Hanad. Mwiti alikigeuza mara mbili, akapuliza vumbi.

"Si chenyewe," akasema. "Hiki ni cha kiyoyozi cha gari dogo. Na ndani ni kikavu, tazama. Changu kingekuwa bado kinadondosha mafuta."

"Una uhakika?" Kathure akauliza polepole.

"Ningependa nisiwe na uhakika, afande. Lakini ninao."

Wakarudi mikono mitupu. Hata hivyo Nimo aliona Hajj Yarow akimtazama fundi kwa jicho la pembeni, kisha akiitazama tasbihi yake, kama aliyepoteza hesabu.

Maziwa ya ngamia, ambayo kwa kawaida humfikia Nimo saa moja, siku hiyo yalifika saa tatu na nusu. Abdihafid alishusha dumu kutoka kwenye gari lake haraka haraka, akasema, "Eeddo, shangazi yangu, leo ni mazuri kuliko siku zote, utaona," akaondoka kwenda kugawa mengine bila kuuliza umati ule ulikuwa wa nini. Nimo alipika. Kwenye benchi walikaa Hajj, Koplo na Hanad, kila mmoja akimchunga mwenziwe asitoroke.

Hajj alionja, akakunja uso. "Nimo. Chai gani hii? Haina moshi."

"Ina sabuni," Hanad akasema.

"Mimi naona ni nzuri," Koplo Kathure akasema. Alikuwa kwenye kikombe cha pili. Watu wa bara hawajui: maziwa ya ngamia yasiyonusa moshi ni kama bibi harusi asiyenusa udi. Kila alfajiri wanawake huchoma vijiti vya mgunga na kufukiza vyombo kabla ya kukama, ndipo maziwa yavumilie joto la njia. Bishara, mkewe Abdihafid, hakuwahi kukosa.

Nimo aliingiza kidole ndani ya dumu. Siku zote kilitoka na masizi. Leo kilitoka cheupe. Kisha akaliinua dumu kwa mpini, na mpini huo, uliokatika zamani, ulikuwa umetengenezwa kwa waya. Aliutazama waya kwa muda mrefu hata chai ikafurika jikoni.

"Nini, mama?" Kathure akauliza.

"Mtu hasengenywi hayupo, afande. Atarudi kuchukua dumu lake. Ngoja."

Kungoja kuna raha kwa anayejua. Kwa Mwiti hakukuwa na raha. Kufikia saa sita kasoro robo alikuwa ameshaanza kufungasha, spana moja moja, akizipangusa kwanza kama mtu anayeosha watoto kabla ya safari. Saa sita na dakika kumi Koplo alisimama, akanyoosha sare. Ndipo gari la Abdihafid liliposimama mbele ya kibanda.

"Eeddo, maziwa yalikuwaje?" akauliza akicheka.

"Baridi," Nimo akasema. "Nimeshangaa. Maziwa yametoka malishoni, jua kali, yamefika baridi. Bishara hakufukiza madumu leo?"

Kicheko kikapungua. "Leo… tuliona haina haja."

"Kwa nini haina haja? Lete mkono wako, mwanangu, ushike hapa. Huu mpini wa dumu, nani aliufunga waya?"

"Mimi."

"Na ncha ukazikunja ndani."

"Zisimchome Bishara vidole. Tulifanya hivyo na mipira ya malori ya maji, nilipokuwa dereva Dadaab."

Koplo Kathure alikuwa ameshavuka barabara na kurudi, mkononi kipande cha waya alichokifungua kwenye mpira wa Prado. Alikiweka juu ya meza kando ya dumu. Ncha kwa ncha, msokoto kwa msokoto, vilikuwa ndugu wa tumbo moja.

"Mwiti anaondoka saa hii," Nimo akasema kwa upole. "Ametuhumiwa wizi."

Abdihafid alimwona Mwiti na sanduku lake. Rangi ikamtoka. "Anaondoka kwa ajili ya…? La! Wallahi sikujua! Nilitaka nikirudishe jioni. Nilikuwa nikitoka mjini kwenda malishoni adhana ikilia, nikasimama hapa, robo saa tu nikawa nimemaliza. Kiko ndani ya gari langu, ndani ya beseni la vitambaa vya maji. Tunapitisha maziwa humo. Moto unaingia huku, baridi inatoka kule!"

"Ungeniomba!" Mwiti akalia.

"Ungecheka. Na huyu," akamwonyesha Nimo kwa kidevu, "angetangaza mpaka Masalani. Wiki jana maziwa yalichacha mara mbili. Unakumbuka ulivyoyamwaga, eeddo? Barabarani, mbele ya watu, ukauliza kama Bishara anakama ngamia au maiti wa ngamia. Watu walicheka. Siku tatu hakutoka nyumbani. Nikasema, nitapata kitu cha kuyapoza, hata kama ni kwa siku moja, nione."

Ulimi wa Nimo ulikuwa haujawahi kukosa kazi. Aliyatafuta majibu yote makali aliyonayo, akayaona yote yamechacha.

"Nitakwenda kwake mimi mwenyewe," akasema hatimaye. "Nitamwomba msamaha barabarani, pale pale nilipoyamwaga."

"Wazo lako si baya, Abdihafid," Mwiti alikuwa akisema, akikipokea kipozeo kutoka kwenye beseni. "Kwa kifaa kipya, safi, chuma cha vyombo vya chakula. Ningekutengenezea. Lakini hiki kilikwisha kupitisha mafuta ya giaboksi. Ulikioshaje?"

"Sabuni. Mara nne."

Macho yote yakageukia vikombe. Hanad alitema mate mpaka ng'ambo ya barabara. Koplo Kathure aliweka mkono tumboni.

"Nimekunywa vitatu," akanong'ona.

"Tulia, afande," Nimo akasema. "Tumbo lako sasa linabadilisha gia lenyewe."

Maziwa yote yaliyobaki mjini yalikusanywa na kumwagwa kabla ya adhana ya alasiri, Abdihafid akizunguka mwenyewe mlango kwa mlango, na ilipofika jioni hakuna aliyeugua zaidi ya kiburi. Kabla ya hayo yote, pale pale kibandani, Kathure alifuta jina moja daftarini, akaliandika lingine, akamtazama mwenye mali.

"Hajj, unashtaki?"

"Nishtaki mume anayepoza aibu ya mke wake?" Hajj Yarow akasema. "Nitasema nini siku ya kiyama?"

Akasimama. Wale wale waliosikia asubuhi walikuwa wangali hapo, na yeye aliwataka wawepo. Alivuka barabara mpaka kwa fundi, akaweka mkono kifuani.

"Mwiti, walaal, ndugu yangu. Nilikuona wewe beke yako hukuwa msikitini, nikafikiri inatosha. Kwa Hanad ungeweza kudanganya, ukakataa. Raalli ahow. Nisamehe."

Mwiti alifungua sanduku, akatoa spana moja, akalala chini ya Prado. Mkono wake ukachomoza.

"Hajj, shika huu mpira. Juu. Usiuachie."

Hajj Yarow alipiga magoti mavumbini, akaushika. Mafuta yakashuka taratibu, yakaingia kwenye mkono wa kanzu nyeupe, yakafika kiwikoni. Hakuachia. Mtaa mzima ulijizuia kucheka, wengine wakiuma vilemba. Aliyecheka wa kwanza alikuwa chini ya gari.