Springi Haifungwi kwa Mpira

Albano alikuwa mchongaji. Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, majirani zake kule Chanika walisikia nyundo yake ikigonga patasi. Alichonga vigoda, masanduku na sanamu za mpingo. Mkewe Margareta alipiga msasa, akapaka nta, kisha akafunga kila kitu kwenye khanga kuukuu. Jumamosi walipakia mzigo kwenye gari lao dogo jeupe, wakaenda mjini kuuza.

Gari lenyewe lilikuwa limechoka, jamani. Likipita kwenye shimo, mbele linagonga, ngo-ngo-ngo. Na huko kwao mashimo ndiyo barabara yenyewe! Ukikanyaga breki, pua ya gari inainama. Tairi za mbele zilikuwa zimelika upande mmoja.

"Baba Jesca, gari linagonga," Margareta alisema. Jesca ni binti yao, alikuwa shule ya bweni.

"Linagonga tangu tulinunue," Albano alijibu. "Ongeza sauti ya redio."

Jumamosi moja walikuwa wanateremka mlima wa Pugu. Mama mmoja mwenye ndoo ya vitumbua akakatiza barabara. Albano akakanyaga breki. Pua ikazama. Gari likayumba kushoto, likayumba kulia, likasimama hatua moja tu kutoka kwa yule mama. Mama alisimama mdomo wazi, vitumbua vimetapakaa miguuni. Margareta akashuka, akamwomba radhi.

Waliporudi nyumbani, Albano alichungulia nyuma ya tairi la mbele.

"Shokapu zimekufa," alisema. "Tazama, zinavuja oili."

Shokapu za mbele ni nguzo mbili za chuma, moja kila upande. Kwenye gari kama hilo, kila nguzo imezungukwa na springi nene. Springi inabeba uzito wa gari. Shokapu inaituliza springi isirukeruke. Shokapu ikifa, tairi linadundadunda badala ya kuishika barabara. Hapo hata breki nzuri inachelewa kusimamisha gari.

"Basi tulipeleke gereji," Margareta alisema.

"Gereji ya nini? Mie nashinda na vyuma mkononi kutwa nzima. Nishindwe na nati?"

Wiki iliyofuata Albano alikuja na shokapu mpya mbili. Zilikuja tupu, bila springi. Springi za zamani zilikuwa bado nzima, ila zilitakiwa kuhamishiwa kwenye shokapu mpya. Asubuhi ya saa moja alipandisha gari kwa jeki. Akaliegemeza juu ya matofali ya saruji, akavua tairi, akafungua bolti. Saa tatu alikuwa ametoa nguzo ya kwanza pamoja na springi yake.

Margareta alitoka na bakuli la mihogo. Akamkuta mumewe amekaa kwenye kigoda, nguzo ameibana katikati ya magoti, anazungushia springi mipira.

Mipira hiyo ilikuwa vipande virefu vya tyubu za baiskeli. Wachongaji wanaitumia kubana ubao uliopasuka mpaka gundi ishike. Margareta ndiye aliyeikata, na aliijua vizuri. Mwezi uliopita mmoja ulikatika ukamchapa mkononi. Alama ilikaa siku tatu.

"Unaifunga ya nini?" aliuliza.

"Springi imebanwa humu, mama Jesca. Inashikiliwa na hii nati ya katikati, hapa juu. Nikitoa nati, mipira itaishikilia. Nimezungusha kumi na miwili. Haiendi popote hii."

"Na ikikatika?"

"Haikatiki."

"Ilinichapa mie!"

"Ule ulikuwa mmoja. Hapa ipo kumi na miwili. Acha woga bwana, lete mihogo."

Albano akaweka spana kwenye nati. Akainama, uso juu kabisa ya nati. Akazungusha mara moja. Akazungusha mara ya pili.

Tap! Mpira mmoja ukakatika.

"Bado kumi na mmoja," Albano alisema, akacheka.

Margareta hakucheka. Aliitazama mikono ya mumewe. Mikono ile ndiyo iliyowalisha, ndiyo iliyomsomesha Jesca. Akautazama uso wake. Hakufikiri mara mbili. Aliipokonya ile spana, akatimua mbio.

"We mama Jesca! Una wazimu? Rudisha spana!"

"Usiiguse hiyo nguzo!" alipiga kelele bila kugeuka. "Ukiigusa narudi kwetu Masasi leo leo!"

Nyumba ya tatu aliishi Mwalimu Tusajigwe. Alifundisha ufundi wa magari chuoni miaka mingi. Siku hizi amestaafu, anafuga kuku. Margareta aliingia bila hodi, bila shikamoo.

"Mwalimu, njoo! Baba Jesca anafungua springi ya gari. Kaifunga kwa mipira!"

Mwalimu aliweka chini debe la pumba. "Nati ya katikati keshaigusa?"

"Kaizungusha mara mbili."

Mwalimu hakuuliza tena. Alikimbia. Mama wa miaka sitini na tano, kandambili moja ikabaki njiani! Margareta alizidi kuogopa. Kama Mwalimu anakimbia, basi mambo ni mabaya kweli.

Walimkuta Albano yuko palepale. Mwanamume mbishi! Alikuwa amepata koleo, anahangaika na nati ileile.

"Baba Jesca," Mwalimu aliita kwa sauti ya darasani. "Acha koleo. Ondoa uso wako hapo. Sasa laza hiyo nguzo chini, polepole. Upande wa nati uangalie ukuta. Usisimame mbele yake."

Albano alitii. Alipokuwa anailaza, tap! Mpira wa pili ukakatika. Wote watatu wakaganda. Yesu na Maria, Margareta alisema moyoni, asife mtu hapa.

Mwalimu akachuchumaa ubavuni mwa nguzo. Akaichukua spana mkononi mwa Margareta. Akairudisha nati, mara moja, mara mbili, mpaka ikakaza. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Haya," alisema. "Sasa tupumue."

"Shikamoo Mwalimu," Albano alisema.

"Marahaba. Unataka kutuua?" Mwalimu alikaa chini. "Sikiliza. Springi hii inabeba pembe nzima ya gari lako. Hata ukiitoa kwenye gari, bado imebanwa humu ndani. Ukitoa nati, hiki kifuniko cha juu kinaruka kama risasi. Namjua fundi mmoja, mzoefu kuliko wewe. Alifunga kwa waya. Kilimvunja taya, akanywa uji kwa mrija miezi mitatu."

Albano alijishika taya.

"Kwa hiyo nyumbani nisifanye kabisa?"

"Nani kasema? Kutoa shokapu unaweza. Kurudisha unaweza. Springi ndiyo uiache. Nguzo unaipeleka nzimanzima kwenye gereji yenye mashine ya kubana springi. Wao wanahamisha, wewe unakuja kufunga kwenye gari." Kisha akalitazama gari. "Na hayo matofali?"

"Yanashikilia gari, Mwalimu."

"Tofali la saruji halikuonyi. Linapasuka ghafla. Ukiwa na mkono chini ya gari, ndiyo basi tena."

Mwalimu alileta stendi zake mbili za chuma. Ardhi ilikuwa ya mchanga, kwa hiyo wakatandika kwanza mbao pana na nene. Wakaweka mawe nyuma ya tairi za nyuma. Wakalikalisha gari juu ya stendi, kisha Mwalimu akalisukuma kwa nguvu. Halikutikisika. Akaona pia mpira wa breki, lile bomba laini la oili, umebeba uzito wa chuma kinachoshikilia tairi. Akakifunga kile chuma kwa kamba, ili mpira usivutike.

"Toa na ya upande wa pili," alisema. "Shokapu zinabadilishwa mbili kwa pamoja. Ukibadilisha moja, gari litavuta upande."

Nguzo zote mbili, pamoja na shokapu mpya, zilipelekwa gereji kwa bajaji. Fundi wa pale, Mbwana, alikuwa na mashine ya kubana springi, imezungushiwa wavu wa chuma. Alitaka kukata ile mipira. Mwalimu akamzuia.

"Iache. Huyu bwana aione mwenyewe. Sie tukae huku, nyuma ya wavu."

Mashine ikaibana springi. Mbwana akatoa nati, akatoa kifuniko na shokapu iliyokufa. Kisha akaanza kuilegeza mashine, polepole sana. Springi ikarefuka.

Tap. Tap. Tap-tap-tap!

Mipira kumi yote ikakatika. Kila mmoja ulipokatika, Margareta aliruka, ingawa alijua yuko salama. Springi ilipotulia, ilikuwa imerefuka karibu shubiri nzima.

Albano alisema taratibu, "Nilikuwa nimeinama palepale juu."

"Ulikuwa umeinama," Margareta alijibu. Machozi yalimtoka. Hasira na hofu vilikuja pamoja. "Na bado ukanicheka!"

"Nisamehe, mama Jesca."

Mbwana alihamishia springi zote mbili kwenye shokapu mpya, na mchana huo Albano akazifunga kwenye gari kwa mikono yake. Nati tatu ndogo juu, chini ya boneti. Bolti mbili kubwa chini. Mwalimu alimwazima spana ya kipimo ili kila nati ikazwe sawasawa. Kishikizo cha mpira wa breki kikarudishwa mahali pake. Jumatatu walilipeleka gari kupimwa alaimenti ili tairi zikae sawa. Baada ya siku chache, Albano alikagua tena nati zote, moja baada ya nyingine, bila kuambiwa.

Jumamosi waliteremka tena Pugu na mzigo wao. Margareta alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili. Mbuzi watano wakaingia barabarani. Albano akakanyaga breki.

Gari halikuinama. Halikuyumba. Lilisimama limenyooka, mbali kabisa na mbuzi.

Mbuzi hawakuwa na haraka. Albano akavuta breki ya mkono, akasubiri. Margareta akaivuta mikono miwili ya mumewe kutoka kwenye usukani, akaiweka mapajani mwake, akaanza kushika kidole kimojakimoja.

"Unafanya nini?" Albano aliuliza.

"Nyamaza, utanipotezea hesabu."

Alihesabu mpaka mwisho. Vilikuwa kumi. Akamrudishia mikono yake.

"Haya," alisema. "Twende sokoni."