Mpira Uliorushwa Polepole

Mvua ilipoanza kunyesha Makambako, watu waliokuwa stendi walikimbilia kwenye vibaraza vya maduka, na kila duka likapata wageni ambao halikuwaita. Duka la Edson, lililouza simu, chaja na televisheni, lilijaa hadi mlangoni. Miongoni mwa wageni hao alikuwemo Teodora, aliyetoka kwenye kikao cha mahari ya binamu yake huko Kitandililo, akisubiri gari la kurudi Njombe. Alivaa koti la kijivu lililofika magotini na skafu nyekundu. Viatu vya sherehe alivishika mkononi kwa kuogopa tope, miguuni alikuwa na ndala.

Kwenye televisheni kubwa ya ukutani, wanaume wenye kofia walikuwa wakirushiana mpira mdogo mweupe. Jasho liliwatiririka shingoni. Mmoja alitema mate, akafuta kiganja kwenye suruali. Teodora alitazama kwa muda kabla hajagundua kwamba mwenye duka, kijana mrefu mwenye sweta ya bluu iliyochanika kiwiko, ndiye aliyekuwa akiwaendesha kwa pedi yenye vitufe mkononi.

"Nilidhani ni mechi ya kweli," alisema.

"Ni gemu. Besiboli."

"Kwa nini usicheze mpira wa miguu kama wenzako?"

Edson alimweleza kwamba ile mashine aliinunua Dar ikiwa imeshatumika, ikaja na diski hiyo moja tu. Alipokuja kupata ya mpira wa miguu, hii alikuwa ameshaizoea. Akampa pedi ya pili. Teodora alizungusha gongo kwa kila mpira uliokuja na yote ikampita, watu wakacheka. Edson akamwambia kwamba mpigaji halazimiki kupiga kila kitu. Mpira unaotoka nje ya eneo lake auache uende. Teodora akaacha mmoja, akaacha mwingine, halafu akaupiga uliofuata ukavuka uzio. Watazamaji kwenye televisheni waliinuka, na waliojikinga mvua dukani nao wakashangilia. Gari la Njombe likaondoka bila yeye. Alipopanda lililofuata, namba ya Edson ilikuwa kwenye simu yake.

Teodora alifanya kazi maabara, kwenye kituo kimoja cha afya mjini Njombe. Kwao ni Uwemba, na familia yao ilikuwa ya Kikatoliki tangu enzi za babu zake. Edson, Mlutheri, alitoka Ipelele, Makete, akaja Makambako kutafuta maisha alipomaliza shule. Walianza kupigiana simu kila jioni. Edson alimwita Teo. Teodora alimwita Mkinga wangu, na kwa kuwa Wakinga wanasifika kwa biashara, alimtania kwamba angeweza kumuuzia hata baridi mtu wa Njombe. Jumamosi alipokuwa hana zamu alishuka Makambako, wakafunga duka mapema na kucheza, miguu ikiwa imefunikwa blanketi moja.

Alichokipenda Teodora kwenye gemu lile ni namna mrushaji alivyochoka. Hakuna aliyetangaza, bega lilishuka kidogo, mpira ukapoteza kasi, na mtu makini akajua kwamba wakati wa kumpiga umefika. Teodora alijifunza kuviona hivyo vitu. Akaanza kushinda, kisha akawa anashinda karibu kila Jumamosi. Edson alitabasamu, akasema, "Nimeshindwa, mama," akaenda kununua chipsi mayai. Jumatatu Teodora aliwasimulia wenzake wa maabara jinsi alivyomfunga.

Mwezi Julai alipata nafasi ya kusoma shahada chuoni Mwanza, miaka mitatu. Alimwambia Edson wakiwa katikati ya mchezo, kisha akasubiri.

"Nenda, mpenzi," Edson alisema bila kuondoa macho kwenye televisheni. "Mimi sina neno."

Jibu lile lilimuuma, lakini hakusema. Lilikuwa jibu zuri, na hakujua aanzie wapi kulilalamikia.

Wiki chache baadaye alipewa mapumziko katikati ya juma. Akapika viazi na njegere, akaenda Makambako bila kumwambia. Alipofika mlangoni alimkuta Edson akicheza na Aron, muuza vipuri wa jirani. Edson alikaa ukingoni mwa kiti, taya limekaza. Mrushaji wake aliachia mpira ulioonekana mwepesi, ukaja katikati kabisa, halafu ukadondoka ghafla mbele ya gongo. Aron akapiga hewa. Akapiga hewa tena. Katika miezi yote ile Teodora hakuwahi kurushiwa mpira wa namna hiyo.

Aron alimwona, akacheka. "Dada, ndiyo wewe tunaambiwa unamfunga huyu? Sisi hapa hakuna aliyewahi kumfunga."

Teodora alimtazama Edson. Edson akainamisha macho. Teodora hakuhitaji maelezo zaidi. Akaweka chakula kwenye kaunta, akaenda stendi.

Edson alimpigia jioni hiyo.

"Ulikuwa unaniachia," Teodora alisema.

"Nilipenda kukuona ukifurahi."

"Na Mwanza je? Nako uliniachia tu? Kila ninalokwambia huna neno. Sijui unachotaka, Edson. Sijui hata kama unanitaka."

Edson alikulia kwenye nyumba ambayo baba alimkataza mama kila kitu, hata kwenda kuwaona ndugu zake, na tangu utotoni aliapa kwamba hatamwambia mwanamke hapana. Maneno ya kulieleza hilo yalikuwepo, lakini hayakutoka. Teodora alisikia mtandao ukikoroma tu, akakata simu. Baada ya hapo hakupokea tena.

Edson aliendelea kuuza chaja. Akijaribu kucheza, alizima kabla mchezo haujaisha. Aron alimuuliza kilichotokea, na Edson akamweleza yote, ya baba yake pia. Aron alisikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba yeye Aron siye wa kuambiwa hayo. Aende akamwambie Teodora mwenyewe.

Jumapili moja ya Septemba, Edson alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na koti la kahawia, akapanda gari hadi Njombe, kisha bodaboda hadi Uwemba. Aliikuta familia ya Teodora imetoka misa. Mzee Odilo, babake Teodora, alikuwa amekaa uani juani. Mkewe, Margareth, alikuwa jikoni. Teodora, aliyekuja nyumbani kuaga kabla ya safari, alikuwa akimenya njegere kando ya mlango. Alimwona, akaendelea kumenya.

Edson alipiga goti kidogo, akasalimia kwa Kibena, "Kamwene," nao wakaitika. Alipokaribishwa kiti alieleza alikotoka, na kwamba anataka kumwoa Teodora. Mzee Odilo alimkumbusha kwamba jambo kama hilo lina utaratibu wake na halisemwi na mwenyewe. Edson aliomba radhi. Mzee akageukia jambo lililomkera zaidi.

"Wewe ni Mlutheri."

"Ndiyo, baba."

"Sisi hapa ni Wakatoliki. Ukimtaka huyu utahamia kwetu."

Mikono ya Teodora ilisimama kwenye maganda. Alidhani analijua jibu la Edson, lile la kutokuwa na neno, alikuwa amelisikia mara nyingi mno.

"Hapana, baba," Edson alisema. "Ndoa tufunge kanisani kwenu, hilo nakubali. Kuhama sitahama. Nikikudanganya leo ili unipe mtoto wako, kesho utanidharau."

"Na watoto mtakaozaa?"

"Hayo nitaongea na Teodora. Siwezi kumjibia."

Mzee Odilo alimwambia binti yake amsindikize mgeni.

Walitembea hadi njia panda bila kugusana. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka juu ya misonobari. Edson akamweleza habari za baba yake, kwa kifupi, akitazama mbele.

"Sitaki uende Mwanza," alisema mwishoni. "Miaka mitatu ni mingi. Nitakuwa na wivu, na siku nyingine nitakupigia nikiwa na hasira."

"Nitaenda."

"Najua. Nimekuambia ninachotaka, sijakukataza."

Teodora alifuta macho kwa ncha ya skafu. "Nilitaka kukusikia ukisema hivyo tangu Julai," alisema. Kisha akamshika mkono, na bodaboda ilipofika hakumwachia mara moja.

Aliporudi nyumbani, baba yake alikuwa bado uani.

"Ameondoka yule Mkinga wako?"

"Ameondoka, baba."

"Mbishi."

"Ndiyo," Teodora alisema. "Mbishi sana."

Mzee alijikuna kidevu. "Aje na mshenga kabla hujasafiri. Tena amtafute anayejua kubembeleza, maana yeye mwenyewe hajui."