Pampu Yetu Iligeuzwa Rambirambi Yangu

Mimi naitwa Nekesa, mjane wa miaka arobaini na minne, mama wa watoto watatu. Nilizaliwa Busia upande wa Kenya, nikaolewa upande huu wa Uganda, karibu sana na kwetu. Ndugu zangu wasomaji, nje ya dirisha langu kuna pampu ya sola ambayo wanawake wengi wangeifurahia. Mimi kila nikiiona natamani ardhi ipasuke inimeze!

Nianze wapi? Labda nianze na huu mdomo wangu...

Mume wangu Were, Mungu amlaze mahali pema, alizoea kunitania kwamba mahari alitoa kwa ajili yangu, mdomo akapewa bure. Mimi si mtu wa kunyamaza. Kwa hiyo wanawake wa bondeni walipotaka mtu wa kuwasemea kwa diwani, hawakuhangaika kutafuta.

Bonde letu linalimwa na wanawake wa pande zote mbili za mpaka. Tunalima nyanya, vitunguu na sukuma wiki. Mvua ikikatika tunategemea kisima kimoja tu. Tulikuwa tukikodi pampu ya petroli, lakini petroli ilimeza faida yote, na aliyeshindwa kukodi alibeba maji kichwani mpaka shingo inauma wiki nzima.

Siku moja tulikuwa tunakwenda Tororo, mimi na rafiki yangu Nafula. Tukaona shamba la watu linanyweshwa kwa pampu ya sola. Hakuna moshi, hakuna kelele, ni jua tu! Nafula alisimama kando ya barabara akapiga makofi. Tangu siku hiyo hatukuwa na wimbo mwingine.

Huyu Nafula alikuwa zaidi ya rafiki. Shamba lake limepakana na langu. Nikiumwa alinipalilia, na alipojifungua mimi ndiye niliyempikia uji.

Basi nikaanza kumfuata diwani. Ofisini hapatikani. Leo yuko mkutanoni, kesho amesafiri, kesho kutwa ameingia kwa mlango wa nyuma... Nikachoka. Ndipo nikagundua mahali asipoweza kunikwepa, yaani mazishini! Kwetu huku hakuna mazishi yasiyo na mwanasiasa. Anakuja, anapewa kipaza sauti, na mbele ya jeneza hawezi kumfokea mtu.

Nikawa sikosi mazishi. Ikifika zamu yangu ya kutoa pole, natoa pole, halafu naongeza: "Na mheshimiwa, wanawake wa bondeni wanauliza, pampu yao iko wapi?" Watu wanaangua kicheko, yeye anatokwa jasho, anaahidi tena. Wakaanza kuniita Mama Sola. Jamani, nilivimba kichwa! Ningeambiwa nini mimi?

Nafula aliniambia polepole, kama kawaida yake, kwamba afadhali twende ofisini wanawake wote, wa huku na wa ng'ambo, tukae na diwani mpaka tukubaliane pampu itawekwa wapi na itakuwa ya nani. Nikamwambia asiniharibie kazi. Huyo bwana nilikuwa nimeshamshika pabaya!

Laiti ningemsikiliza...

Mwaka huohuo Were akaanza kulalamika tumbo. Tulidhani ni vidonda. Hospitali wakasema ni ini, na limeharibika sana. Alikonda nikiwa namtazama, na kabla sijazoea kumwita mgonjwa, akawa marehemu. Niliona dunia nzima imenigeuka!

Siku ya mazishi diwani alikuja. Kwetu mjane anakaa karibu na jeneza, kichwa kimefungwa, na hasimami kuhutubia. Ni mwiko. Mimi niliyewasumbua watu kwenye mazishi ya wengine, siku ile nilikaa chini kwenye mkeka na mdomo wangu umefungwa.

Diwani akashika kipaza sauti. Akasema, "Mama huyu amenisumbua sana kuhusu maji, na leo amepatwa na msiba, siwezi kuja mikono mitupu." Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia: "Ile pampu ya sola naileta hapahapa, nyumbani kwa marehemu. Iwe rambirambi yangu kwa mama huyu na ukoo wake!"

Vigelegele! Ukoo wa mume wangu ni mkubwa, na wote walisimama. Nami je? Nilitaka kupiga kelele kwamba si yangu, ni ya bondeni! Nani anakataa rambirambi mbele ya mwili wa mumewe? Nikamtafuta Nafula kwa macho. Aliponiona akainamisha kichwa.

Haikupita muda mafundi wakaja. Wakachimba kisima kipya uani kwangu, wakasimamisha paneli, wakapandisha tangi, na kwenye tangi wakachora sura ya diwani anatabasamu. Bondeni hawakupeleka hata mpira wa maji.

Nilimfuata Nafula nyumbani kwake. Hakunikaribisha kiti. Aliniuliza swali moja: "Kwa nini ulikataa twende wote?" Nikaanza kueleza, nikalia, nikaapa. Akanikatiza. "Wewe na yeye mulipanga. Mimi si mtoto." Akaingia ndani.

Nikaona dawa ni moja, pampu ihamishwe. Nilikwenda kwa diwani, na safari hii, ajabu, nilimkuta! Akanisikiliza huku anacheka. Akaniambia nusu ya wale wanawake wa bondeni wanapiga kura Kenya, sasa yeye awape maji ili wamchague nani? Ila ukoo wa marehemu wote ni wapiga kura wake. Alisema bila aibu, kama mtu anayekueleza bei ya chumvi.

Nikarudi nyumbani nikamwambia shemeji yangu Ouma, mdogo wa Were, kwamba nataka kuita mafundi waipeleke pampu bondeni. Loo! Aliita wazee wa ukoo. Wakanikalisha katikati. Ouma akasema, "Hii kitu ni ya marehemu. Haiwezi toka hapa. Ikitoka, na wewe unatoka."

Sikiliza hapo, msomaji. Ile nyumba ndiyo ya watoto wangu. Shamba la nyumbani ndilo linalowasomesha. Niende wapi? Nirudi kwetu Kenya na watoto watatu, kwa kaka zangu ambao wenyewe wanabanana?

Hata hivyo sikukata tamaa. Kulipokuwa na mazishi mengine nikaenda, nikaomba kipaza sauti kama zamani. Nikaanza kusema ukweli wa pampu. Sikufika mbali. Mwongozaji wa mazishi aliniuliza mbele ya watu wote, "Mama, unakataa rambirambi ya mume wako?" Watu wakaguna. Nikasikia mwanamke nyuma yangu akinong'ona kwamba labda namjua aliyemuua Were. Mungu wangu! Nilirudisha kile kipaza sauti kama kaa la moto, nikaondoka.

Baada ya hapo Ouma akafunga bomba kwa kufuli, na ufunguo akakaa nao yeye. Eti naweza kugawa maji ya ukoo ovyo! Kwa hiyo nje wananiita tajiri wa maji, na ndani hata maji ya kunawa naomba ruhusa.

Kiangazi kikaja kikali. Kisima cha bondeni kikabaki tope. Nyanya za Nafula zilikauka zikiwa na matunda machanga, na zangu za bondeni hivyohivyo. Nafula hakuwa na njia nyingine ya kulisha watoto. Akaenda Tiira kwenye mashimo ya dhahabu, kuponda mawe kwa nyundo. Nilipata habari kwa watu kwamba jiwe limemponda mkono wa kulia. Nilimtumia pole. Hakujibu.

Asubuhi moja nilikuwa nafagia uani nikamwona anaingia, mkono umefungwa kitambaa, mwingine umeshika jerikeni ndogo ya mtoto. Moyo wangu uliruka! Nilidhani amenisamehe.

Hakuniita Nekesa. Alisimama mbali kama wageni wanavyosimama, akapiga magoti kidogo akasema, "Mama mwenye maji, shikamoo. Naomba maji."

Shikamoo! Nafula, tuliyeolewa naye mwaka mmoja!

Nilitupa ufagio nikakimbilia kwa Ouma kuomba ufunguo. Akasema pampu imepumzika, waje jioni. Nikambembeleza, nikamwambia ni Nafula, ana mkono mmoja. Akaendelea kunywa chai yake. Niliporudi uani kusema sina ufunguo, Nafula alikuwa ameshaondoka. Nilimwona barabarani anarudi na jerikeni tupu, nikamwita kwa nguvu zangu zote. Hakugeuka.

Dada zangu, mama zangu, mnaofuatilia wanasiasa kwa ajili ya maji, umeme wa jua au mashamba, nawaomba kwa machozi. Msimtume mtu mmoja, hata awe na mdomo kama wangu! Nendeni wote. Kubalianeni mbele ya mashahidi kitu kitakaa wapi na kitakuwa cha nani, kabla hakijaletwa. Na ukianza kupewa majina ya sifa, ogopa. Mimi nilifurahia kuitwa Mama Sola, na sasa nimefungiwa nyuma ya kufuli moja na yale maji.

Na wewe Nafula, kama kuna atakayekusomea haya... haki ya Mungu, sikupanga na mtu. Sikuombi unisamehe leo. Naomba siku moja tukikutana njiani uniite Nekesa.