Mnanaa Mdomoni mwa Baba Pacha

"Mdomo wa mume wangu unanuka saluni yako," alisema Mama Pacha. "Nataka uniambie harufu hiyo imefikaje huko."

Msusi alisimama mlangoni pa saluni yake, kitana mkononi. "Jirani yangu, harufu ya saluni hii imejaa ua mzima wa nyumba. Hata nguo zako kwenye kamba zinanuka mnanaa."

"Nguo zangu hazina mdomo."

Wateja wawili waliokuwa ndani waliacha mazungumzo yao. Mmoja alikuwa amesukwa nusu kichwa tu, lakini hakulalamika. Nani angetaka kukosa neno hapo?

Mama Pacha ni mshonaji. Cherehani yake iko barazani, na kutoka hapo anaona kila anayeingia na kutoka katika nyumba ile ya wapangaji. Wanamwita hivyo kwa sababu ya watoto wake mapacha. Mume wake, Baba Pacha, ni fundi umeme. Wiki iliyopita alishikwa na homa. Homa ilipopungua, akatokwa na malengelenge kwenye mdomo wa chini, upande wa kushoto. Yalikuwa madogo, yamejaa maji, yamekaa pamoja kama familia kwenye mkeka.

Mpaka hapo hapakuwa na neno. Kisha Msusi naye akaonekana na malengelenge. Mdomo wa chini. Kushoto.

Aliyegundua ni mpangaji wa chumba cha mwisho, mama anayeitwa Redio. Hakupewa jina hilo kwa kupenda muziki. "Mimi sisemi kitu," Redio alimwambia Mama Pacha wakiwa bombani. "Nasema tu kwamba mmoja kushoto na mwingine kushoto."

Maneno hayo yalimkaa Mama Pacha kifuani. Usiku ule alisogea karibu na mumewe akanusa. Mnanaa. Asubuhi alimpigia simu kaka yake aje na gari jioni. Alikuwa ameshafunga nguo za watoto kwenye shuka. Akitoka leo, alisema, harudi tena.

"Kwanza," alisema yule mteja wa nusu kichwa, "watu wawili wakitazamana, kushoto kwa mmoja ni kulia kwa mwenzake. Kama walibusiana, basi mmoja alisimama kichwa chini."

Watu walicheka. Mama Pacha hakucheka.

"Cheka, dada. Siku ukirudi nyumbani ukakuta mume hayupo, tutacheka pamoja."

Wakati huo Nesi wa zahanati aliingia uani. Alikuja kuchukua gauni lake la kazi, lililokuwa limepunguzwa kiuno. Alikuta watu wamejaa mlangoni pa saluni kama kuna harusi.

"Shikamooni, kuna nini?"

"Kuna mdomo," alisema Redio, akamweleza yote, pamoja na mengine ambayo hayakutokea.

Nesi alimtazama Msusi mdomoni. "Na Baba Pacha yuko wapi?"

Baba Pacha alitoka ndani polepole, kitambaa kimeziba mdomo. Alipokiondoa, hata Redio alinyamaza. Kuzunguka malengelenge ngozi ilikuwa nyekundu. Kipande kimoja kilikuwa kimebambuka.

"Umepaka nini hapa?" aliuliza Nesi.

Baba Pacha alimtazama mkewe, kisha akatazama chini. "Nilikuja saluni kutengeneza mashine ya kukaushia nywele. Mdomo ulikuwa unaniwasha. Dada Msusi akanipa kichupa chake. Nikapaka."

"Kama ni dawa tu, uliificha ya nini?" aliuliza Mama Pacha.

"Ningekuambia nini, mke wangu? Kwamba nimepaka dawa ya mdomo kwa jirani mwenye lengelenge kama langu? Nilijua utakavyosikia."

"Sasa nimesikia vibaya zaidi."

"Naona."

Nesi alinyoosha mkono. "Kilete hicho kichupa."

Msusi alisita. Kilikuwa kichupa kidogo chenye gololi mdomoni, cha kupaka kwa kuviringisha. Ndani alichanganya mafuta makali ya mimea: mnanaa, mkaratusi na mchaichai. Wateja wake walikisifu. Aliyeumwa kichwa alipaka kwenye paji la uso. Aliyetokwa na kitu mdomoni alipaka mdomoni. Kichupa kilikuwa kimoja, na gololi ilikuwa moja.

"Unaipaka kwenye lengelenge lenyewe?" aliuliza Nesi.

"Ndiyo. Papo hapo penye ugonjwa."

"Halafu unampa mwingine?"

"Nafuta kwanza."

"Kwa kitu gani?"

Msusi aliangalia pembeni. "Kwa kidole."

Redio alijishika mdomo. Yeye mwenyewe alikuwa amekitumia kichupa kile juzi, kwa muwasho tu.

"Sikilizeni," alisema Nesi. Alikaa kwenye kiti cha wateja. "Malengelenge haya yanaletwa na virusi. Maji yaliyomo ndani yamejaa virusi. Ukigusa lengelenge bichi kisha ukagusa mdomo wa mwenzako, unaweza kumwambukiza. Busu linaambukiza. Kitu chenye unyevu kilichotoka mdomoni kwenda mdomoni nacho kinaweza. Gololi hii imetembea kwenye midomo mingapi?"

"Kwa hiyo ni yeye aliyempa mume wangu," alisema Mama Pacha. "Iwe kwa gololi, iwe kwa lingine."

"Sijasema hivyo. Baba Pacha, ulipopaka, malengelenge yalikuwa yameshatoka?"

"Yalikuwa yameshatoka. Ndiyo maana nilipaka."

"Basi hayakutoka kwenye kichupa hiki. Huyu alikuwa nayo kabla."

Mama Pacha alikunja mikono. "Nesi, na wewe unasukwa hapa. Naona unamtetea fundi wako wa nywele."

"Nasukwa hapa na nashonewa kwako. Nikiwakosa nyote wawili nitaenda kazini uchi na nywele timtim. Kwa hiyo nina sababu ya kusema kweli." Nesi hakukasirika. "Virusi hivi vikiingia mwilini haviondoki. Vinalala. Wengi wetu tulivipata utotoni, tulipobusiwa na shangazi au tulipolishwa kwa kijiko cha mtu mwingine. Mtu anaweza kukaa navyo miaka bila kujua. Akipata homa, akichoka, akiunguzwa na jua au akiwa na mawazo mengi, vinaamka. Huwezi kumkamata mtu kwa lengelenge la mdomo. Haliwezi kukuambia limetoka kwa nani wala lini."

"Hayo ni ya watu wengine. Mimi sijawahi kutokwa na uchafu huo," alisema Mama Pacha.

Redio alikohoa. "Mama Pacha."

"Nini?"

"Ulipojifungua mapacha. Mdomo ulivimba pembeni, ukatoka vipele vya maji. Nilikuwa nakunywesha uji kwa mrija."

"Ile ilikuwa homa. Homa ilitokea mdomoni."

"Homa haitokei mdomoni," alisema Nesi taratibu. "Yalikuwa haya haya."

Baba Pacha alikunja kitambaa chake.

"Na wakati ule," alisema Baba Pacha, "mimi sikuita gari."

Mama Pacha aligeuka. Macho yote yaliyokuwa kwa Msusi sasa yalikuwa kwake. Alijua vizuri wanavyofikiri, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akifikiri hivyo tangu asubuhi.

"Msinitazame hivyo," alisema. "Mimi sijaenda popote."

"Hata mimi sijaenda popote," alisema Msusi. "Nimesimama hapa hapa na kitana changu."

Mama Pacha alikaa kwenye ngazi. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa huu mdomo wake umeungua na nini?"

"Na mafuta. Mafuta haya ni makali mno. Hayapakwi matupu kwenye ngozi, sembuse kwenye kidonda."

Msusi alidakia. "Lakini ni ya mimea. Hayana kemikali."

"Pilipili nayo ni mmea. Ipake jichoni."

"Unataka niyamwage ili watu wakanunue dawa za dukani kwenu."

"Mimi siuzi kitu, dada. Wataalamu wameyajaribu mafuta ya namna hii. Baadhi yanaonyesha nguvu kwenye chupa za maabara. Kwa watu wenyewe, ushahidi bado ni mdogo. Hakuna yanayofukuza virusi mwilini. Mtu mzima akitaka kutuliza muwasho, achanganye tone moja na kijiko kimoja cha chai cha mafuta laini, kama ya nazi. Ajaribu kwanza mkononi, asubiri mpaka kesho. Apake kwa pamba safi, aitupe. Yakiwasha, aache. Asiyanywe. Asiyaweke karibu na jicho wala sehemu za siri. Mtoto na mama mjamzito wasipakwe bila kuuliza kwetu."

"Basi dawa ni ipi?" aliuliza Baba Pacha.

"Ipo krimu na vipo vidonge vya kupunguza nguvu ya virusi. Vinafaa zaidi ukianza mapema, mdomo unapoanza kuchonyota, kabla malengelenge hayajatoka. Wewe njoo zahanati leo, tuangalie na hiyo ngozi iliyoungua. Kwa sasa weka kitambaa safi chenye maji baridi. Usitumbue. Nawa mikono ukigusa. Usibusu mtu mpaka pakauke kabisa, na usimbusu mtoto mchanga kabisa, maana kwake ugonjwa huu unaweza kuua. Kikombe chako kiwe chako. Ukiona lengelenge limekaribia jicho, au wiki mbili zimepita halijapona, au yanarudi kila mara, usikae nyumbani. Na yakitoka sehemu za siri, njoo upimwe, usipake chochote cha saluni."

Msusi alikitazama kichupa chake. Kisha alikwenda kwenye ndoo ya taka, akakidondosha.

Mama Pacha alitoa simu. "Kaka, usije. Hapana, hajanipiga. Hapana, hajaoa mke mwingine. Ni mdomo tu. Nitakueleza." Akasikiliza. "Najua umeshajaza mafuta kwenye gari. Pole."

Baba Pacha alikwenda zahanati alasiri ile. Akapewa krimu ya malengelenge, na nyingine ya kutuliza ngozi iliyoungua. Wiki iliyofuata mdomo ulikuwa umekauka, imebaki alama nyepesi. Msusi naye alipona. Saluni ilianza kutumia pamba, kila mtu na yake, na mafuta yakawa ya kukanda shingo tu. Mtu akija na mdomo unaochonyota, Msusi humwonyesha njia ya zahanati. Redio huwaambia wengine bila kuombwa, na mara hii anayoyasema ni ya kweli, karibu yote.

Lakini viti vya saluni vilikuwa vitupu kuliko zamani. Wateja walikuwa wamesikia mwanzo wa habari, hawakusubiri mwisho. Na Msusi alikuwa hamwitikii Mama Pacha salamu.

Jumapili mchana Mama Pacha alivuka ua. Saluni ilikuwa na watu watatu. Alisimama katikati.

"Nilimsema huyu dada mbele ya watu," alisema, "kwa hiyo nalisema na hili mbele ya watu. Nilimsingizia. Mume wangu hana kosa naye, na yeye hana kosa nami. Mkienda kupiga soga, pigeni na hiyo."

Msusi aliendelea kusuka. Alimaliza mstari mmoja, akafunga ncha kwa uzi.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Bado. Nimepika."

"Umetia nini humo?"

"Chumvi."

"Na mumeo yupo?"

"Yupo. Ndiye anayekuwekea kiti."

Msusi alimkagua kutoka kichwani mpaka miguuni, kama anayetafuta mtego. Kisha aliweka kitana mezani, akamfuata mpaka mlangoni pake. Hapo akasimama, viatu bado miguuni.

"Vua, upite," alisema Mama Pacha. "Chakula kinapoa na watoto wana njaa. Karibu ndani ule."