Mahari ya Nasambu

Datsun ya Wekoye ilisikika kabla haijaonekana. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mwaka wa tisini na nne, na Kitale ilikuwa imefurika: wakulima wameshauza mahindi na mifuko yao inawawasha, akina mama wanavutana juu ya mikungu ya ndizi, mikokoteni inagombania barabara na malori. Katikati ya zogo hilo likaja gari dogo la rangi ya damu ya mzee likilia ngiiii, na kila mara dereva alipokanyaga mafuta, ngiiii ile ikapanda juu mpaka watu wakaziba masikio. Likasimama mbele ya duka la mzee Jaswant, muuzaji wa redio za magari na vikorokoro vyake vyote.

Jerono alikuwa mlangoni akimalizia chai. Dastikoti ya buluu, kitambaa cha manjano kichwani, raba nyeupe pe, na bisibisi katika mfuko wa juu ambapo karani angeweka kalamu. Alikuwa na miaka ishirini na minne na alikuwa fundi mkuu wa duka lile. Wageni walizoea kumpita wakienda ndani kumtafuta fundi, naye aliwaacha watafute mpaka wachoke.

Aliyeshuka garini alikuwa kijana mrefu, suruali ya khaki iliyonyooshwa kwa pasi ikanyooka, shati la maua, kiatu kinang'aa. Sura yenyewe haikuwa mbaya. Tuseme ukweli, ilikuwa nzuri, na yeye alijua.

"Habari ya kazi, dada. Fundi wa ledio yuko?"

"Unaongea naye."

"Wewe?"

"Hapana, hii bisibisi."

Kijana akacheka, tena akacheka vizuri, bila kuona haya. Jerono akaweka kikombe chini.

"Waya zako za sauti zimelala pamoja na waya ya moto," akamwambia hata kabla hajaligusa gari. "Hiyo kelele ni ya injini inaingia kwa spika. Moja ipite kushoto, nyingine ipite kulia."

"Kwani zikilara pamoja kuna ubaya gani?"

"Kwa redio zinaleta kelele."

"Na kwa watu?"

"Kwa watu ni kelele zaidi. Fungua boneti."

Jina lake lilikuwa Wekoye, mtu wa Kabuchai kule Bungoma, na kazi yake ilikuwa harusi. Si kuoa, kuongoza. Maharusi wakitoka kanisani, yeye ndiye aliyetangulia msafara, milango wazi, muziki juu, mpaka nyumbani kwa bwana harusi. Tatizo lake lilikuwa moja: mwenzake mmoja wa Chwele alikuwa amefunga spika kubwa kuliko zake, na sasa watu wa maana walimkodi huyo.

"Nataka amplifaya kubwa kuliko zote hapa Kitare," Wekoye alisema, akaelekeza kidole kwenye boksi lililochorwa moto na radi. "Ile. Wati elfu moja."

Jerono akaishusha, akaigeuza. "Soma fyuzi yake."

"Kumi."

"Ampea kumi. Betri yako ni volti kumi na mbili. Kumi mara kumi na mbili?"

"Mia na ishirini."

"Sasa hizo wati nyingine mia nane na themanini zinatoka wapi? Mbinguni?" Akamwekea mkononi nyingine, nyeusi, fupi, haina picha yoyote. Mkono wa Wekoye ukashuka. "Hii imeandikwa wati hamsini kila upande, na haidanganyi. Uzito ni chuma cha kupoza moto na koili ya kweli. Amplifaya ni kama ng'ombe, usinunue pembe."

"Ati hamsini? Bi harusi atasikia?"

"Bi harusi atasikia, na masikio hayatamuuma. Chukua hii, spika mbili za besi nikutengenezee boksi la mbao, na waya nene kutoka betri moja kwa moja. Chenji itabaki ununue soksi."

Wekoye akaangalia miguu yake. Kweli hakuwa na soksi. Mapenzi bwana, hayabishi hodi. Jioni ile aliporudi Bungoma na gari lililopiga besi safi, alikuwa anasikia kitu kingine kabisa.

Ijumaa iliyofuata akarudi. Alitaka twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba. Ijumaa nyingine akataka ikwalaiza ya kupanga sauti. Halafu antena. Halafu, jamani, mtu mzima akaendesha gari kutoka Bungoma mpaka Kitale kununua fyuzi moja, na Bungoma fyuzi zimejaa madukani tele.

"Sema Kitale," Jerono alimwambia siku hiyo, wameketi kwenye Datsun wakila mahindi ya kuchoma.

"Kitare."

"Kitale."

"Si ndiyo hiyo nimesema? Haya, na wewe sema Bungoma."

"Pungoma."

Wakacheka mpaka mahindi yakawapalia. Kwa Jerono, B iligeuka P pale tu roho ilipochemka, kwa hasira au kwa raha. Ulimi wa Wekoye wenyewe haukujua tofauti ya L na R hata siku moja.

Siku ambazo hakuja alipiga simu, kutoka duka la vifaa vya ujenzi la Mohanlal kule Bungoma.

"Haro, fundi wangu."

"Fundi wako ni nani?"

"Huyo anayejifanya hajui. Jana sikulara, mpenzi. Besi inanipiga kwa roho, na gari nimezima."

"Angalia waya zako," Jerono alijibu, na mzee Jaswant alijifanya anapanga kaseti ili asionekane anacheka.

Mwezi wa pili wa mambo hayo, Wekoye alimwambia, "Nipe wiki mbili. Kuna kitu natafuta. Nikikipata, nitakuja na neno." Hakusema zaidi, lakini mkono wake ulikuwa umeushika wa Jerono, na mkono haukuhitaji tafsiri.

Siku hizo hizo mzee Jaswant naye akamwita. "Jerono, mimi nafungua duka Eldoret. Wewe nakuwa mkubwa huko. Tarehe moja naanza. Mimi nataka jibu Jumamosi."

Ilikuwa bahati ya kuota. Mzee huyo ndiye aliyemwajiri alipotoka chuo cha ufundi, wakati wengine walimwambia akatafute kazi ya kusuka. Lakini Eldoret ilikuwa mbali na Bungoma, na Jerono alitaka kwanza kulisikia lile neno la Wekoye. Alimpenda sana, hilo tusilifiche. Basi Alhamisi akapiga simu dukani kwa Mohanlal. Akapokea Savitri, mke wa mwenye duka.

"Wekoye hapana iko," Savitri alisema. "Nakwenda tangu asubuhi. Natoa pesa ya mahari."

Jerono akahisi sikio linapata baridi. "Mahari gani, mama?"

"Mahari ya Nasambu. Mwezi mzima yeye natafuta, Nasambu nakataa. Leo nakubari. Wekoye nafurahi sana, hapa naruka kama mtoto. Wewe nani nasema?"

Jerono akarudisha simu mahali pake polepole. Kama maneno hayo angeyasema Wekoye mwenyewe, labda angejiuliza mara mbili. Lakini aliyesema ni Savitri, mama wa Kihindi asiye na sababu ya kumdanganya. Nasambu. Akajiona mjinga, mjinga wa kuliwa mahindi yake na moyo wake, akiuziwa maneno matamu kwa bei ya fyuzi. Akaenda moja kwa moja nyuma ya duka na kumwambia mzee Jaswant kwamba Eldoret atakwenda.

Wekoye alipiga simu Ijumaa. Akaambiwa Jerono ametoka. Jumamosi, ametoka. Jumatatu alipiga mara tatu, na mara ya tatu alimsikia Jerono mwenyewe kwa mbali akisema, "Mwambie nimetoka."

Jumatano mteja wa Bungoma akaleta malalamiko kwamba amplifaya yake inazimika ikipata moto. Jerono ndiye aliyeifunga, kwa hiyo Jerono ndiye aliyetumwa. Kazi ilikuwa ya nusu saa tu: waya ya ardhi ilikuwa imefungwa juu ya rangi, akaikwangua mpaka chuma kikaonekana, akakaza. Saa sita kazi imekwisha. Miguu ingempeleka stendi, lakini roho ikamwambia, nenda umwone huyo Nasambu, angalau ujue umeshindwa na nani.

Akavua dastikoti, akabaki na gauni lake la kijani lenye mkanda. Akajipaka mafuta mdomoni mbele ya kioo cha gari la mtu. Akauliza, akaelekezwa mlango wa tatu kutoka kwa Mohanlal. Mlangoni alikuta kikongwe mmoja ameketi kwenye kigoda, anachagua maharagwe katika ungo.

"Shikamoo, nyanya. Namtafuta Nasambu."

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Namtafuta Nasambu kijana."

"Huyo nilimwacha nyuma zamani, mwanangu."

Jerono akasimama pale na hasira zake, hana pa kuziweka. "Nilisikia... nilisikia mahari yako imetolewa."

"Yangu?" Kikongwe akaweka ungo chini. "Mahari yangu ilitolewa mwaka wa nzige. Ng'ombe kumi na moja, na mmoja alikuwa chongo. Baba alilalamikia lile jicho mpaka akaingia kaburini. Nani anakuletea habari za zamani hivyo?"

"Ni Wekoye. Ametoa wiki jana."

"Aa, mahari hiyo." Nasambu akajiinua, akachomoa ufunguo kutoka kwa kitambaa alichojifunga kiunoni. "Njoo nikuonyeshe. Mahari pangu ni pazuri, mbere ya barabara. Wengi walipataka nikawanyima, wote walitaka kuuza chang'aa."

Akafungua chumba cha mbele. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa, bado zinanukia. Palikuwa na benchi ya fundi, ubao wenye matundu ya spika, misumari imepangwa ukutani kwa kutundikia waya, nene upande mmoja, nyembamba upande mwingine.

"Mahali," Jerono alisema.

"Ndiyo. Mahari. Kwani umesikia nini?"

Jerono akaketi kwenye benchi. Savitri alizaliwa Bungoma. Kiswahili chake alifundishwa na wakulima wa Kabuchai waliokuja kununua misumari. Alikisema kama alivyokisikia, L na R zikiwa ndugu wa tumbo moja. Jerono akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na Nasambu, ambaye hakuelewa lolote, akamshika bega na kumwachia alie.

Nje Datsun ikasimama. Haikulia ngiiii. Wekoye akaingia na rola ya waya begani, akamwona, na uso wake haukuchanua.

"Kwa hivyo uko. Huwa unatoka tu nikipiga simu."

"Niliambiwa umelipa mahari ya Nasambu."

"Ndiyo, nimelipa mahari ya..." Akamtazama Nasambu, akamtazama Jerono. "Wewe. Ulifikiri nimeoa kukhu?"

"Sikujua ni nyanya. Nilifikiri ni msichana."

"Na hukuniuliza. Siku sita, Jerono. Mtu akikosa sauti kwa spika moja, wewe huangalia waya kwanza. Mimi ulinitupa bila hata kufungua boneti."

Hilo lilimwingia. "Nimekosa," alisema. "Nisamehe. Na mbaya zaidi, nimeshamkubalia mzee Jaswant. Naenda Eldoret."

Wekoye akaweka waya chini. "Hii ilikuwa yako. Benchi nilipima kwa urefu wako. Wewe ufunge, mimi nilete wateja wa harusi."

"Na wewe hukuniuliza," Jerono akasema, na damu ikampanda. "Umenitengenezea penchi, umenichagulia mji, umenipangia kazi. Nani alikwambia nataka? Ungeniuliza siku ile, hata Savitri angesema nini nisingeamini."

Wekoye hakucheka ile penchi. Akavua kofia.

"Basi nauliza. Sina gari kubwa. Nina hii chumba, na nina roho ambayo haijatulia tangu uniambie ninunue soksi. Nioe... hapana. Nikuoe, Jerono? Kama hutaki Bungoma nitakufuata Eldoret, harusi ziko kila mahari."

Nasambu akasogea karibu asikie vizuri. Jerono akafuta macho kwa kiganja, akasimama, akanyoosha gauni.

"Twende kwa simu," alisema.

Ndilo jibu pekee Wekoye alilopata. Akamfuata mpaka dukani kwa Mohanlal, hajui anapelekwa kuzikwa au kutawazwa. Savitri akawasogezea simu kwenye kaunta huku akipima misumari. Jerono akazungusha namba za Kitale, akavuta pumzi.

"Mzee Jaswant, ni Jerono. Amplifaya imepona. Lakini Eldoret sitaweza, mzee. Najua nilikupa neno. Nitafanya kazi hapo miezi miwili, nimfundishe mwingine, na huku nitanunua vifaa kwako tu. Naomba usinikasirikie."

Sauti ya mzee ilisikika mpaka kwenye mapipa ya rangi. "Kwa nini sasa? Mshahara ndogo?"

"Si mshahara. Naolewa, mzee. Huku Bungoma, mji nimechagua mwenyewe."

Misumari ya Savitri ikamwagika kwenye kaunta. Wekoye akatafuta kitu cha kushika, akakosa, akaketi juu ya gunia la simiti na shati lake la maua. Upande wa pili wa simu mzee Jaswant akauliza polepole, "Na huyo mume, nasema nini?"

Jerono akamtazama. "Bado hajasema kitu, mzee. Ndiyo anasikia sasa, pamoja na wewe."