Kombe la Mamake Chirau

Haya aliniambia rafiki yangu Chirau, macho chini. Mwaka wa 1956 alitoka Msambweni peke yake kwa ngalawa, akaenda Gazi kumchukulia mamake mgonjwa kombe la kunywa, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa marashi. Mwalimu aliyeliandika alilitia chupani, akaifunga chupa kwa nta, akamwambia: "Mwanangu, usikawie."

Alikawia. Upepo ulikuwa mtamu. Akalegeza tanga, akajilaza kusikiliza maji yakigonga ubavuni, akafurahi kama asiye na mgonjwa nyumbani. Adhuhuri wingu likatanda, kukawa giza. Nyuma yake, palipokuwa na chupa, akasikia mtu akimeza: funda moja, la pili, la tatu.

Pwani dadake alimpokea akilia. "Mama ametutoka adhuhuri. Alikuulizia mpaka mwisho."

Chirau akaitoa chupa. Nta ilikuwa nzima. Kombe lilikuwa limepungua mafunda matatu.